Waliovaa Jezi Kabla ya Kupata Uwanja

Ukiingia soko la Konyo Konyo, Juba, asubuhi kabla jua halijakolea, Kiswahili kitakufikia kabla hujakitafuta. Lugha kuu ya soko ni Kiarabu cha Juba, na Kibari, Kidinka na Kinuer vinapishana juu ya mafungu ya vitunguu na samaki wakavu. Lakini ukiuliza bei ya shati la mtumba kwa Kiswahili, usishangae kujibiwa kwa Kiswahili. Wapo Waganda na Wakenya waliofuata biashara kwa barabara ya Nimule. Wapo pia wenyeji hasa, wana wa nchi, waliojifunza lugha hii Kakuma, Nakuru au Kampala, miaka ile kwao kulipokuwa hakukaliki.

Muuza jezi niliyekaa naye kivulini alikuwa mmoja wa hao wa mwisho. Chini ya turubai lake zimening'inia jezi za Arsenal na Manchester United, kama ilivyo katika kila soko la Afrika Mashariki. Katikati, juu kidogo ya nyingine, ipo jezi moja ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini. Jua limeifubaza mabegani. Niliuliza bei. Akatikisa kichwa, kaka, hiyo haiuzwi.

Nimeiandika makala hii kwa ajili ya jezi ile, na kwa ajili ya vijana walioivaa.

Tuanze na mtu ambaye hakuwahi kuivaa. Manute Bol wa Turalei, mita 2.31 kwa urefu, alifika kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwaka 1985 akiwa na Washington Bullets, na sehemu kubwa ya fedha zake akaielekeza kwa watu wake waliokuwa vitani. Alifariki Juni 2010. Nchi aliyoihangaikia ilizaliwa tarehe 9 Julai 2011, mwaka mmoja na siku kadhaa baada ya yeye kuondoka. Lakini alikuwa ameshapanda mbegu. Huko Misri, kati ya wakimbizi, alimkuta mtoto kutoka Wau aliyeitwa Luol Deng, akamwonyesha jinsi ya kuushika mpira.

Mtoto yule alikulia London, akasoma Marekani, akawa nyota wa Chicago Bulls, akachaguliwa mara mbili kwenye mchezo wa nyota wa NBA. Katika Olimpiki ya London 2012 aliichezea Uingereza, nchi iliyompa hifadhi. Mwaka 2019 alichukua uongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Akawa rais, akawa mtafuta wachezaji, na kwa muda akawa kocha. Tiketi za ndege, hoteli, viwanja vya kukodi, mengi aliyalipa kutoka mfukoni mwake.

Mwaka 2021 timu ilikwenda Kigali kwa mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza, tena kwa nafasi iliyopatikana baada ya Algeria kujitoa. Ikiwa chini ya kocha Royal Ivey ilifika robo fainali. Februari 2023, mjini Alexandria, iliifunga Senegal 83 kwa 75 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kukata tiketi ya Kombe la Dunia la mwaka huo. Huko Ufilipino, kwa wenyeji wa kombe, ilianza kwa kupoteza mbele ya Puerto Rico, 101 kwa 96, baada ya muda wa nyongeza. Kisha ikaichapa China 89 kwa 69, ikawashinda wenyeji, na tarehe 2 Septemba ikaimaliza Angola 101 kwa 78. Ushindi huo ulimaanisha Olimpiki. Nchi yenye umri wa miaka 12 ilikuwa inakwenda Paris kama timu bora ya Afrika.

Wengi nje ya Juba waliijua timu hii usiku mmoja tu, Julai 20, 2024, pale London. Ilikuwa mechi ya kirafiki dhidi ya Marekani, na watu walikuja kumtazama LeBron James. Sudan Kusini ikawa mbele kwa pointi 16. Zikiwa zimebaki sekunde zipatazo 20, JT Thor alitupa mpira kutoka mbali, pointi tatu, ubao ukasoma 100 kwa 99. Marekani yote ikanyamaza. Ilibidi LeBron mwenyewe ajipenyeze hadi chini ya kikapu, sekunde nane kabla ya mwisho, kuinusuru timu yake: 101 kwa 100. Carlik Jones aliondoka na pointi 15, ribaundi 11 na pasi 11 za kufunga.

Siku nane baadaye, Lille, Ufaransa, mechi ya kwanza ya Olimpiki. Wachezaji wamejipanga, mikono vifuani, macho mbele. Muziki ukaanza, na haukuwa wimbo wao. Ulikuwa wimbo wa Sudan, nchi waliyotengana nayo kwa vita vya miongo. Watazamaji wakazomea. Muziki ukakatwa. Vijana wale hawakuondoka mahali pao. Walisimama wakisubiri, kimya, mikono ingali vifuani, na ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi mpaka wimbo sahihi ulipopatikana. Waandaaji waliomba radhi baadaye. Timu ilikuwa imeshatoa jibu lake uwanjani: Puerto Rico, wale wale wa Ufilipino, walifungwa 90 kwa 79.

Baada ya hapo Marekani iliwashinda 103 kwa 86 na Serbia 96 kwa 85, na safari ikaishia hapo. Sina haja ya kuipamba. Walitolewa hatua ya makundi.

Lipo neno linalosemwa kando kando, nalo tulijibu waziwazi: kwamba hao si wa kwetu, ni wa kuletwa. Tuwatazame basi. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum, familia ikapitia Misri, akakulia New Hampshire. Marial Shayok ni mzaliwa wa Ottawa, Canada. Nuni Omot alizaliwa Kenya, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Kampala, na huko Uganda ndiko alikoanza kucheza. Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati, ndiye hasa aliyepewa uraia, na kanuni za FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinairuhusu kila timu mmoja wa namna hiyo.

Sasa zunguka Konyo Konyo uulize kila mtu alikulia wapi. Utapata majibu yale yale. Khartoum, Cairo, Kakuma, Kampala. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea watoto waliotembea kwa miguu kutoka nchi hii. Anayesema wachezaji hawa si wa nyumbani, na awaambie hivyo hivyo wauza nguo, waendesha bodaboda na mama wa chai. Watu wa timu ile ni watu wa soko hili, ila wao ni warefu zaidi.

Kwa majirani, mambo yalikuwa mengine. Mkenya Paul Wekesa, mcheza tenisi aliyewahi kufika nafasi ya 100 duniani na kuichezea Kenya katika Kombe la Davis, naye alipitia chuo Marekani, pale Chapman, California. Lakini yeye aliondoka kufuata elimu na mchezo, na nyuma yake Nairobi ilikuwa na viwanja na vilabu vya kurudia. Alipovaa rangi za Kenya hakuna aliyemuuliza ni wa wapi. Vijana wa Sudan Kusini walifukuzwa na risasi, wengine wakiwa bado tumboni, na wamerudi kwa hiari yao kubeba bendera ambayo wazazi wao walikimbia kabla haijapanda mlingotini.

Na bendera hiyo ina uzito wake. Aprili 2025 Marekani ilipotangaza kufuta viza za wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini, Maluach alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Duke, na timu yake ilikuwa imefika nusu fainali ya vyuo. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA, na safari yake ikamfikisha Phoenix Suns. Mchezaji wa namna hiyo angeweza kutafuta jezi nyepesi zaidi. Yeye aliivaa hii kwenye Olimpiki akiwa na miaka 17.

Ninachowaomba wenye mamlaka na wenye mali ni kimoja. Timu ilipokwenda Paris, nchi nzima haikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa. Kambi ya maandalizi ilipigwa Kigali, kwa jirani. Mvua ya Juba inajulikana, na jua lake linajulikana zaidi. Mtoto wa miaka 13 mwenye kipaji hafanyi mazoezi ya maana kwenye saruji inayounguza nyayo. Atasubiri jioni, na jioni haina umeme. Ikiwa kila Maluach lazima kwanza awe mkimbizi ndipo apate mahali pa kujifunza, basi tunavuna shamba ambalo wengine ndio wanaolima.

Jengeni ukumbi. Si lazima uwe mkubwa kama wa Lille. Paa la mabati, sakafu ya mbao, taa na jenereta linalowaka. Deng na wenzake walitangulia kutoa, na kutoa ni moyo.

Nilipokuwa naaga, kijana mmoja mrefu alisimama mbele ya kibanda, akanyoosha kidole kwenye jezi ya katikati na kuuliza kwa Kiarabu. Muuzaji hakutikisa kichwa safari hii. Alipanda juu ya gunia, akaishusha, akampimia mabegani. Ikamtosha. Walicheka wote wawili, wakaitazama kwa muda, kisha kijana akaivua kwa uangalifu na kuirudisha mwenyewe mahali pake, bila kuhitaji kupanda gunia.