Mwasho wa Sehemu za Siri: Haya Isituzuie Kutafuta Tiba



Yako maradhi ambayo mtu huyataja mbele za watu, akatembelewa na kuombewa dua. Na yako mengine ambayo huyaficha hata kwa mkewe. Katika hayo ya pili ni mwasho wa tupu na kinena kwa wanaume, usiokwisha, ambao mwisho wake hubadili rangi ya ngozi. Hapa Tingi, na pwani yote ya Kilwa mpaka Lindi, joto na unyevu ni jambo la kila siku. Mkulima wa ufuta na korosho hushinda katika jasho, na mvuvi wa Somanga hurudi na nguo iliyolowa maji ya chumvi. Basi maradhi haya si mageni kwetu. Walio wachache ni watu wa kuyasema.

Twajua kwamba kuona haya ni katika imani, na vyuoni twawafunza hayo watoto wetu. Lakini haya imewekwa imzuie mtu na ovu, haikuwekwa imzuie na dawa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba masahaba wawili watukufu, Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam, walipopatwa na mwasho, Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu kuvaa hariri, vazi lililokatazwa kwa wanaume. Ikiwa mwasho wa ngozi umepewa ruhusa kama hiyo, nani atasema kuwa ni jambo dogo lisilofaa kuulizwa? Na wanazuoni wameeleza kwamba tabibu aweza kutazama pahala pa siri kwa kadiri ya haja, na kwamba mwanamume kumtibu mwanamume ndiko bora kukipatikana.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwasho huu si ugonjwa mmoja. Sababu zake ni mbalimbali, na kila moja ina dawa yake.

Ulio wa kawaida sana penye joto ni choa cha kinena, ambacho wengi hukiita fangasi. Huanza katika maungio ya paja, kikatanuka kwa duara yenye ukingo ulioinuka, na katikati pakawa kama panapona. Aghlabu hakishiki mfuko wa korodani. Mara nyingi hutoka miguuni, kati ya vidole, kikahamia kinenani kwa mkono au kwa taulo. Mtu atibu miguu yake pia, la sivyo kitarudi.

Wa pili ni upele. Huu huwasha zaidi usiku, na huonekana kati ya vidole vya mikono, viwikoni na kiunoni. Katika dhakari na mfuko wa korodani huacha vinundu vigumu. Sababu yake ni mdudu mdogo sana achimbaye ngozini. Mtu aliyeupata mara ya kwanza huweza kukaa nao wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuwashwa, na kwa hiyo kumtibu baba peke yake ni kazi bure: nyumba nzima hutibiwa siku moja, na nguo na mashuka yakafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ndugu zetu wa Zanzibar walionja faida ya kutibiwa pamoja. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2006 waligawiwa kila mwaka dawa za matende, yaani ivermektini na albendazoli. Na kwa kuwa ivermektini huua pia mdudu wa upele, wagonjwa wa upele waliofika katika vituo vya afya walipungua sana.

Wa tatu ni ukurutu utokao kwa sabuni kali, dawa za kuua vijidudu, au wembe mkavu. Hapa twawaambia hasa vijana wenye wasiwasi wa tahara, ambao hujisugua kwa sabuni mara nyingi kwa siku wakidhani hawajatahirika. Maji safi yatosha kwa kustanji. Kisha mtu ajikaushe, maana unyevu ndio shamba la choa.

Ama rangi ya ngozi, mahali palipokunwa muda mrefu huwa peusi na pagumu, na weusi huo hukawia miezi kuondoka hata ugonjwa ukiisha. Madoa meupe kabisa yasiyowasha huenda yakawa mbalanga, nayo haiambukizi. Bali doa jeupe au jekundu lisilohisi hata likiguswa lataka kuonyeshwa upesi, kwa kuwa yumkini ni dalili ya ukoma.

Kuna jambo limevunja nyumba za watu. Mume aona ngozi imegeuka, akamtuhumu mkewe. Au mke akamtuhumu mumewe. Ngozi iliyogeuka rangi si ushahidi wa zinaa. Choa humpata mtu kwa jasho lake na kwa taulo la ndugu yake. Lakini pakiwa na kidonda, usaha au maumivu ya mkojo, mume na mke waende pamoja wakapimwe, wakatibiwe wote wawili pasipo matusi.

Sasa twaja kwenye dhara kubwa. Wako wapakao mafuta ya taa, maji ya betri, au ndimu na chumvi. Hao huiunguza ngozi juu ya ugonjwa. Na wako wanunuao dukani malhamu yenye dawa tatu kwa pamoja, ambayo ndani yake mna betamethasoni. Siku mbili za mwanzo mwasho hutulia, naye hufurahi. Kumbe choa chaendelea kutanuka chini kwa chini, na ngozi ya kinena, iliyo nyembamba kwa asili yake, yazidi kuwa nyembamba, ikapauka na kupasuka mistari. Akiacha, mwasho hurudi kwa nguvu. Akirudia, huharibika zaidi.

Njia iliyo salama ni hii. Choa kipakwe dawa ya choa tupu, kama klotrimazoli, mara 2 kwa siku kwa wiki 2 mpaka 4, wala isiachwe siku ile mwasho unapokoma. Nguo ya ndani iwe ya pamba, isiyobana, ibadilishwe kila siku. Taulo na wembe visishirikiwe. Choa kikirudi kila mara, mtu apimwe kisukari.

Asiyepona aende zahanati. Na ikishindikana, hospitali ya Kinyonga huko Kilwa Kivinje, au Sokoine mjini Lindi. Nchi yetu haikosi mafundi wa ngozi: huko Moshi kuna chuo cha maradhi ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, nacho hufundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Kidonda kisichopona, uvimbe wa mfuko wa korodani, au ngozi inayokaza na kuziba njia ya mkojo, visingojewe hata kidogo.

Nanyi wazazi na walimu wenzetu, mnapowasomesha vijana mlango wa tahara, waambieni na haya. Kijana aliyefunzwa kuosha na kukausha, na akajua wa kumwuliza, hatafika kwenye maji ya betri. Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameuletea dawa. Juu yetu ni kuitafuta.

Wabillahi taufiki.