Ramani Ipi Itakufikisha Mpanda?

Siku hizi si ajabu jamaa wa ukoo mmoja kuchanga fedha, wakakodi gari na kwenda mbali kwa harusi au kwa msiba. Huhesabu chakula, huhesabu mafuta, hufunga mablanketi ya watoto. Lakini uwaulize, "Je, njia mnaijua?" Watakujibu, "Dereva anaijua." Na dereva naye pengine hajapita huko miaka mingi.

Kwa mtu aendaye Mkoa wa Katavi jibu hilo halitoshi. Miji ya huko iko mbalimbali, misitu ni mikubwa, na ukipotea jioni huenda usimwone wa kumwuliza ila tembo. Basi yafaa uwe na ramani ya barabara, au kitabu chake kiitwacho atlasi. Lakini usiichague kwa uzuri wa jalada.

Jambo la kwanza, tazama ilichapwa mwaka gani. Kama mwaka haukuandikwa, itafute Mpanda, nayo itakuambia. Ukiiona katika Mkoa wa Tabora, ramani hiyo ni ya kabla ya 1974. Ukiiona katika Mkoa wa Rukwa, ni ya kabla ya 2012, maana mwaka huo ndipo Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa, na Mpanda ikawa makao yake makuu.

Labda utasema, "Mipaka ya mikoa inanihusu nini? Mimi nataka njia tu." Inakuhusu sana, kwa kuwa miaka iliyobadili mipaka ilibadili pia mahali watu wanapokaa. Katumba na Mishamo, makazi makubwa ya watu waliotoka Burundi, yalianza miaka ya 1970. Ramani ya kale haiyajui. Tena miaka ileile watu wengi nchini walihamishiwa katika vijiji vipya, na majina ya vijiji walivyoviacha yakabaki katika karatasi. Utafanyaje ukikifikia kijiji hicho usiku, watoto wana njaa, na hakuna nyumba hata moja? Kadhalika barabara ya kutoka Tabora kwa njia ya Sikonge na Inyonga, iliyokuwa ya vumbi na matope, imewekwa lami miaka ya karibuni. Mwenye ramani ya zamani aweza kuiogopa bure na kuzunguka mbali.

Jambo la pili, tazama kipimo. Ukiona imeandikwa 1:2,000,000, maana yake sentimeta moja ya karatasi ni kilometa 20 za nchi. Kutoka Mpanda mpaka Sitalike ni kilometa 35 hivi. Basi katika ramani hiyo mwendo wote haufiki sentimeta mbili! Hiyo yafaa kukuonyesha safari nzima, lakini si kutafuta njia panda. Ya 1:1,000,000 ni bora zaidi, maana sentimeta moja ni kilometa 10. Chukua uzi, uulaze juu ya barabara ukifuata kona zake, kisha uupime kwa rula. Hapo utajua mafuta ya kununua kabla ya kuondoka mjini.

Jambo la tatu, soma maelezo ya alama, yale yaliyo pembeni. Barabara ya lami ina alama yake, ya changarawe yake, na reli yake. Watu wengine wameuona mstari utokao Kaliua kwenda Mpanda wakafurahi kupata njia fupi, kumbe ni reli, iliyojengwa zamani kwa ajili ya machimbo ya risasi! Tazama pia mito na mbuga zenye maji, kwa maana njia ya vumbi inayopitika mwezi wa Agosti yaweza kuwa tope tupu mwezi wa Machi.

Jambo la nne, angalia kama imeonyesha mipaka ya Hifadhi ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa 1998. Ukitoka Sitalike kwenda Sumbawanga unapita ndani yake, kwenye viboko, simba na tembo, na mbung'o nao hawakosi. Panga saa zako uivuke mchana, na watoto wasishuke garini.

Vijana watasema, "Ramani imo katika simu." Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini porini mtandao hukatika na betri huisha. Mwenye simu na aihifadhi ramani hiyo ndani ya simu yake kabla ya kuondoka, na ile ya karatasi isiachwe nyumbani.

Mwisho, ramani iliyo bora kabisa husema habari za siku ilipochorwa tu. Daraja lililobomoka juzi halimo. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, nenda stendi na ramani yako, ukamwulize dereva wa basi au wa lori aliyepita njia hiyo juma hili. Alipokuambia pabaya, tia alama kwa kalamu. Kuuliza si ujinga, na alama hiyo moja yaweza kuwaepusha watu wako na kulala porini.