Kifaa cha kufukuza mbu kwa sauti: Je, mbu wanakimbia kweli?

Wapo vijana wenye ujuzi wa ufundi redio wanaojitengenezea nyumbani kifaa kidogo kinachosemwa kuwa kinafukuza mbu kwa sauti isiyosikika na binadamu. Wengine hukinunua dukani kikiwa tayari. Kwa vile jambo hili linagusa malaria, ni vyema tukielewe kifaa hiki kabla hatujaondoa chandarua kitandani.

SAUTI ISIYOSIKIKA

Sauti ni mtetemo. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Inayozidi hapo huitwa altrasoniki, na popo huitumia kuwinda wadudu gizani. Katika kifaa chetu, sauti hiyo hutolewa na kisahani cha piezo, ambacho hutanuka na kusinyaa kadiri umeme unavyobadilika. Ukikiunganisha na betri peke yake hakitalia. Kinahitaji saketi ya kukiendesha, yaani ya kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde.

KINAVYOTENGENEZWA

Saketi iliyozoeleka hutumia aisii ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971. Betri ya volti 9 huunganishwa chanya kwenye mguu wa 8 na wa 4, hasi kwenye mguu wa 1. Rizista ya kilo-omu 1 huwekwa kati ya mguu wa 8 na wa 7. Kati ya mguu wa 7 na wa 6 huwekwa rizista ya kilo-omu 6.8 ikifuatana na ya kurekebisha ya kilo-omu 2. Mguu wa 6 na wa 2 huunganishwa pamoja, na kutoka hapo kapasita ya nanofaradi 2.2 huenda kwenye hasi. Kisahani hufungwa kati ya mguu wa 3 na hasi.

Saketi hii hutoa mitetemo kati ya 35,000 na 45,000 kwa sekunde. Kila kisahani kina mtetemo wake wa asili, vingi vikiwa 40,000, na rizista ya kurekebisha ndiyo husaidia kuufikia. Kujua kama saketi inafanya kazi, badili kapasita uweke ya nanofaradi 22. Mitetemo itashuka mara kumi, nawe utasikia mlio mwembamba.

Tahadhari: tumia betri. Usiunganishe saketi hii moja kwa moja na umeme wa ukutani. Umeme huo unaua.

JE, MBU WANAKIMBIA?

Jibu ni hapana. Mbu husikia kwa papasi zake, na husikia zaidi mlio wa mabawa ya mbu mwenzake, ambayo hupiga mamia ya mara kwa sekunde, si makumi ya maelfu. Tena, jike anayeuma huongozwa kwetu na hewa tunayoitoa puani, harufu ya jasho na joto la mwili. Sauti ya kisahani haiondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Mwaka 2007 watafiti wa Cochrane walichapisha uchambuzi wa tafiti 10 zilizofanyika nje ya maabara kuhusu vifaa hivi. Zote zilionesha kuwa kifaa hakikupunguza mbu wanaotua kwenye ngozi ya watu. Kabla ya hapo, mwaka 2001, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaonya kwa barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya kufukuza wadudu kwa altrasoniki, kuwa madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Programu za simu zinazodai kufukuza mbu kwa sauti nazo zimejengwa juu ya dai hilo hilo.

TUFANYE NINI?

Hatari ya kifaa hiki ni kumpa mzazi matumaini, akamlaza mtoto bila chandarua. Watoto chini ya miaka 5 na mama wajawazito ndio wanaodhurika zaidi na malaria. Basi lala ndani ya chandarua chenye dawa, ziba madirisha kwa wavu, fukia madimbwi na funika mapipa ya maji. Homa ikianza, wahi kituo cha afya ukapimwe damu.

Nawe kijana fundi, ujuzi wako usipotee. Visahani viwili vya namna hiyo, kimoja kikituma na kingine kikipokea mwangwi, hupima kina cha maji kwenye tangi, au humwonya asiyeona kuwa mbele yake kuna ukuta. Huko kifaa chako kitaleta manufaa ya kweli.