Kwa Nini Mama Furu Humeza Watoto Wake

Furu jike hulea kwa kinywa. Akishataga huyazoa mayai yake mdomoni, na kwa wiki mbili hivi kidevu hubaki kimetuna huku yeye akikaa bila kula. Ukimtazama kwa karibu utaona taya zikitikisika taratibu: anayageuza mayai ili maji yenye hewa yayapitie yote. Hata hivyo, mama huyohuyo humeza baadhi ya watoto aliowabeba. Wengi huona huo ni ukatili au kichaa cha samaki. Ushahidi unadokeza kwamba ni sehemu ya malezi yenyewe, kwa sababu kulea kunaugharimu mwili, na mwili usiofidiwa huenda usizae tena.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Central Michigan, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu Astatotilapia burtoni, furu mdogo wa Ziwa Tanganyika na mito yake. Karibu majike wote waliochunguzwa walikula sehemu ya kizazi chao, kwa wastani zaidi ya theluthi moja. Kubeba mayai kuliambatana na madhara katika vinasaba vya ini, lakini waliomeza watoto wengi zaidi walikuwa na kinga imara zaidi dhidi ya madhara hayo. Mtu anaweza kupinga kwamba samaki wa maabara amebanwa kwenye tangi, hivyo hasemi lolote kuhusu ziwani. Pingamizi hilo lina uzito, maana hofu na msongamano huweza kuzidisha ulaji wa mayai. Lakini msongamano pekee hautoshi kueleza kwa nini nafuu ionekane ndani ya ini la mama.

Gharama hiyohiyo hulipwa kwa njia nyingine na Neolamprologus pulcher, samaki mwingine mdogo wa Tanganyika ambaye Michael Taborsky wa Chuo Kikuu cha Bern na wenzake wamemchunguza kwa miongo kadhaa, maabara na ziwani. Jozi moja huzaa, na wadogo wanaoishi nayo husafisha mayai, huchimba mchanga unaoziba maficho na kufukuza maadui. Ni rahisi kudhani kwamba ni undugu tu unaowasukuma, lakini baadhi ya wasaidizi hawana nasaba na jozi hiyo. Wanalipa kodi ya makazi: mzembe huweza kushambuliwa, na akifukuzwa hubaki bila ulinzi dhidi ya samaki wakubwa. Hata hivyo, msaidizi naye wakati mwingine hula mayai aliyopewa kuyatunza.

Yuko atakayeuliza: kama mama mwenyewe anawala watoto, kuna haja gani ya sisi kumlinda? Jibu limo katika hesabu. Sangara mmoja hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha majini, ilhali furu hubeba machache anayoweza kuyalea. Akimeza sehemu, waliobaki wana mama hai, na mama ana uzazi mwingine mbele yake. Wavu wa kokoro ukimkokota, mara nyingi huwatema wote ndani ya wavu, na mama hupotea pamoja nao. Ziwa Victoria liliwahi kuwa na spishi zaidi ya 500 za furu. Sangara walipoongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, takriban 200 zilitoweka. Samaki anayelea kwa gharama kubwa hivi hufidia hasara polepole.

Kwa hiyo msomaji wa Rugu na Karagwe nzima, anayekula samaki wa Ziwa Victoria au wa Burigi, ana sababu ya kujali maji ya kina kifupi furu wanamozaliana na kokoro linamovutwa. Kokoro limepigwa marufuku kisheria nchini. Tusilivute, na tusinunue samaki waliovuliwa kwalo.