Posa ilipokuja, waliniambia nimfiche mama

Mama yangu ana miaka 88. Tunaishi naye hapa Muscat, lakini kila ikikaribia magharibi hujitanda buibui akasimama mlangoni: "Nipelekeni nyumbani, Ng'ambo." Kiarabu alichojifunza ukubwani kimemtoka, Kiswahili cha Unguja kimebaki.

Ilipokuja posa ya mjukuu wangu, jamaa walinishauri mama akae chumba cha ndani, watu wasije wakasema ukoo una maradhi. Nikakataa. Akamuuliza mama wa kijana mara tatu, "Wewe mtoto wa nani?" Yule bibi akamjibu mara zote tatu, kisha akaninong'oneza: "Na kwetu yupo hivihivi. Tunamficha."

Usiku mjukuu wangu akaniuliza: "Bibi, sasa imekuwa pande mbili. Na watoto wetu je?"

Nilikumbuka sekondari ya misheni, Sista akitueleza Mendel na njegere zake: mtoto huchukua kwa baba, na kwa mama pia. Ndivyo zilivyo jeni (jeni, siyo jini!). Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliihusisha aina moja, APOE4, na Alzaima ya uzeeni. Ukirithi moja, hatari huongezeka mara mbili hadi tatu. Ukirithi mbili, inazidi sana. Lakini hiyo ni hatari, si hukumu. Wapo wenye nayo wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wasiokuwa nayo wanaougua. Jeni zinazoleta ugonjwa karibu kwa hakika ni adimu, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65.

Na sisi tunaooana ndani ya ukoo? Waarabu wa Wadi Ara, karibu na Haifa, walichunguzwa: wazee wengi walikuwa na maradhi haya, ilhali APOE4 ilikuwa chache. Yaani jeni hiyo peke yake haielezi kila kitu. Tena waliokosa shule ndio walioathirika zaidi. Mwalimu mimi, hilo lilinigusa.

Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo presha, sukari, sigara, uziwi na upweke. Ikakadiria kuwa yakishughulikiwa, karibu 45% ya visa vya kupotewa na kumbukumbu duniani vingezuilika au kucheleweshwa.

Basi nilimjibu mjukuu wangu: damu hatuibadilishi, lakini presha yangu naipima kila wiki, halua nimeipunguza, na natembea ufukweni alfajiri. Na mama hafichwi tena. Aliyefichwa hapelekwi kwa daktari, na upweke wenyewe ni maradhi.

Harusi ni baada ya Idi, inshallah. Mama atakaa mbele.