Nilimlipa Kachero Amfuatilie Mume Wangu

Hakuna swali ninaloulizwa sana na akina dada (na siku hizi hata akina kaka) kama hili: "Da' Mhariri, nahisi mwenzangu ana mtu nje. Nitafute mpelelezi?" Kwa miaka mingi nimekuwa nikijibu kwa mkato: kaeni mzungumze. Ni jibu zuri, tena halina gharama. Mwezi huu nimeona nikujibu kwa ukweli, maana mimi mwenyewe nilishamtafuta.

Ilikuwa mwaka 2023. Ndoa yetu ilikuwa na miaka sita na mtoto mmoja. Mume wangu akaanza tabia ya kurudi na kupitiliza bafuni kabla hata ya salamu. Simu ikawa inalala kifudifudi. Kila Alhamisi kukawa na kikao. Nikiuliza najibiwa huku anacheka, "Mke wangu, unaangalia tamthilia nyingi." Jamani, maneno yale yaliniumiza kuliko hivyo vikao vyenyewe. Ilifika mahali nikaanza kujishuku mimi: labda kweli akili yangu haiko sawa?

Shoga yangu wa kazini ndiye aliyenipa namba.

Baba wa chai ya maziwa

Tulikutana kwenye mgahawa mmoja Mwenge. Nilitegemea mtu wa miwani myeusi kama wa kwenye sinema. Akaja baba wa makamo, shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni, akaagiza chai ya maziwa na chapati. Alisema zamani alikuwa askari. Sikuuliza kitambulisho. Alitaka laki tatu mkononi, na mafuta ya pikipiki juu yangu. Hakuna mkataba, hakuna risiti. Akachukua picha ya mume wangu, namba ya gari na mahali anapofanya kazi. Nilimpa vyote kama naagiza nguo kwa fundi.

Jioni ile nilimkuta mume wangu sebuleni anamlisha mtoto uji. Nilishindwa kumtazama usoni. Yaani mshukiwa ni yeye, anayejificha ni mimi!

Baada ya wiki mbili kachero akaniletea picha tatu. Ya kwanza: gari letu limeegeshwa nje ya nyumba yenye geti jeusi, Tabata. Ya pili: mume wangu anaingia na mfuko wa matunda. Ya tatu: mwanamke wa kanga anafunga geti. Ameingia saa kumi na mbili na nusu jioni, ametoka saa tatu usiku.

Ule mfuko ndio ulioniua. Nyumbani kwetu matunda nanunua mimi.

Kachero akanisogelea. "Dada, hii bado haijakamilika. Niongeze laki nne, nina kijana anaweza kuingia kwenye simu yake, meseji zote unazo." Nilishashika pochi. Bahati akaropoka kwa utani kwamba hata wanaume wanamlipa awafuatilie wake zao, biashara ni biashara. Hapo nikashtuka. Mtu asiye na mkataba na mimi, mwenye siri zote za nyumba yangu, anashindwa nini kwenda kumuuzia mume wangu? Nikamlipia chai yake, nikaondoka.

Wakili alivyonifungua macho

Kesho yake nilikwenda kwa wakili, mama mmoja mtaratibu sana. Akazitazama picha, akauliza, "Hizi zinaonyesha nini?" Nikasema uzinzi. Akasema, "Zinaonyesha mtu anapeleka matunda."

Kisha akanieleza. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautambua ugoni kama moja ya mambo yanayoweza kuonyesha kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, hasa ukirudiwa au ukiendelea baada ya mwenzi kulalamika. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wako, lakini dai litaanguka kama wewe uliridhia, au kama mtu huyo hakujua, wala hakuwa na namna ya kujua, kuwa mwenzako yuko ndoani. Na kwa kawaida huwezi kuruka moja kwa moja mahakamani kuomba talaka. Unaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Nikamwambia habari ya kijana wa simu. Akavua miwani. Kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na cheti cha ndoa si ruhusa. Faragha ya mtu inalindwa na Katiba, ibara ya 16, na mwaka 2022 ilitungwa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yaani ningeingia pale kama mlalamikaji, nikatoka mshitakiwa.

La mwisho lilinishangaza zaidi. Wanawake wengi hutafuta picha wakidhani ndizo zitakazowapa haki kwenye mali. Mgawo wa mali unatazama mchango wa kila mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabika kuwa mchango. "Tunza risiti za ujenzi," alisema. "Zina kazi kuliko picha."

Swali la jikoni

Usiku ule, mtoto alipolala, nilimuuliza jikoni, bila picha, bila kelele: "Nyumba ya geti jeusi Tabata ni ya nani?" Alinyamaza mpaka maji yakachemka. Halafu akasema yote. Ilikuwa kweli, tena karibu mwaka mzima.

Tukaitisha kikao cha wazee. Unajua kilichotokea? Aliposikia kwamba niliweka mtu wa kumfuata, alipandwa na hasira, na kikao kikageuka. Nusu saa ya kwanza iliongelea kosa lake, saa mbili zilizobaki ziliongelea langu. Mpaka shangazi yake alipowaambia, "Huyu alikuwa anauliza mezani, akachekwa."

Kama bado unataka kumtafuta

Siwezi kukudanganya kwamba nilijuta moja kwa moja. Zile picha hazikuthibitisha kitu mahakamani, ila zilinirudishia imani na macho yangu. Lakini kabla hujatoa senti, jiulize: nikishajua, nitafanya nini? Kama huna jibu, subiri.

Muone wakili kwanza, kachero baadaye. Dai kitambulisho, mkataba na risiti. Usikubali kamwe habari ya kuingilia simu. Kama mwenzio ana mkono mwepesi, usimkabili peke yako, hakikisha kuna mtu anayejua. Na usisahau kupima afya. Hilo halihitaji ushahidi.

Sisi bado tuko nyumba moja. Alhamisi anarudi mapema, wakati mwingine na matunda. Kuna siku nayala. Kuna siku nayaacha mezani mpaka asubuhi.

Tukutane mwezi ujao.