Siku tatu za mgeni

Basi la kusini likisimama Somanga, injini haijazimwa madirisha yameshajaa mikono. Pweza wa kukaanga, changu, kamba, muhogo, pakiti za korosho, vyote vinainuliwa kwa besheni na sinia mpaka usoni mwa abiria. Mara ya mwisho nilipopita hapo, kijana mmoja wa Kizungu alishuka na begi kubwa mgongoni, akaduwaa katikati ya kelele. Hakujua bei, hakujua choo kiko wapi, hakujua kama basi lingemsubiri. Mama mmoja muuza samaki alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi lake, akammiminia maji ya kunawa. "Kaa kwanza, mwanangu," alimwambia kwa Kiswahili, kama vile kijana anaelewa. Kisha akamgeukia kondakta: "Huyu mgeni wangu. Usimwache."

Kazi yangu ni historia ya miji ya pwani, na maneno yale, "huyu mgeni wangu", yalinisisimua. Yalikwisha kusemwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki karibu miaka 700 iliyopita, na aliyekuja kuyasimulia alikuwa wakati ule kijana wa miaka 27 anayetembea dunia bila bidhaa ya kuuza.

Ibn Battuta alitoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, peke yake, akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1331 kaskazi ilimteremsha kutoka Aden hadi Mogadishu, Mombasa na mwisho Kilwa. Watu humtaja kwa sifa aliyoipa Kilwa, kwamba ni katika miji mizuri kabisa na iliyojengwa vyema. Mimi huvutiwa zaidi na alivyopokewa njiani, kwa sababu shida ya mtu anayeingia mji mgeni ni ileile: alale wapi, ale nini, amwamini nani.

Anaeleza kwamba chombo kilipotia nanga Mogadishu, mashua ndogo zilikizunguka, kila moja ina vijana waliobeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule halali kwingine ila kwa mwenyeji wake, labda awe na mazoea ya mji na wenyeji aliokwisha kuwajua. Mwenyeji ndiye anayemuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara ile haikubaliki.

Hapo ndipo penye uzito. Wengi wetu tunadhani ukarimu wa pwani ni tabasamu na neno "karibu". Desturi ile ilikuwa dhamana. Mgeni hajui bei, hajui lugha, hana ndugu wa kumtetea, kwa hiyo mji unamkabidhi kwa mtu mmoja anayejulikana, na mtu huyo ndiye wa kuulizwa mgeni akidhulumiwa. Ni kweli mwenyeji naye alipata faida yake. Lakini faida ilikwenda pamoja na lawama, na jahazi lingerudi msimu ujao na habari za nani mwaminifu.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara, kwa hiyo alipokewa na kadhi, naye akampeleka kwenye kasri ya mtawala. Alitolewa tambuu na popoo, akanyunyiziwa marashi, akapewa chumba katika nyumba ya wanafunzi wa dini. Kikaja chakula: wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, kisha maziwa mgando na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Anaeleza kwa makini kwamba embe likiwa bichi ni chachu na hutiwa siki, likiiva ni tamu. Msomaji wa Kilwa au Lamu hahitaji kufasiriwa sahani hiyo.

Chakula kililetwa mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Siku ya nne, Ijumaa, aliletewa nguo: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani ya Misri, joho lenye bitana na kilemba. Akavaa, akaenda msikitini. Ona utaratibu ulivyopangwa. Siku tatu mtu anapumzika uchovu wa bahari, kisha anavikwa mavazi ya mji na kuonekana mbele ya watu wote kama mgeni anayetambulika. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mafundisho ya Kiislamu nayo yanahesabu haki ya mgeni kuwa siku tatu.

Miaka ya 1340 msafiri huyohuyo alifika Samudra, mji wa bandari katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia ya leo, akakuta karibu mambo yaleyale ya Mogadishu: asimwone sultani mpaka apumzike siku tatu, chakula mara tatu kwa siku, na nguo, zikiwemo shuka za kufunga kiunoni. Samudra na Kilwa zote zilifuata madhehebu ya Shafii, zote ziliishi kwa pepo za msimu. Bahari ya Hindi ilikuwa na kanuni moja ya kumpokea mtu, na Kilwa ilikuwa ndani yake.

Kilwa yenyewe ilitawaliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa kutoa. Ibn Battuta anasimulia fakiri kutoka Yemen aliyemwomba sultani njiani nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe alipozikomboa kwa watumwa kumi, baba akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hadithi hii hupendwa na waongoza watalii, nami huwaomba waisimulie yote. Watumwa wale ishirini nao walikuwa na kwao, na msafiri mwenyewe anataja mashambulizi ya sultani dhidi ya watu wa bara. Heshima ya mgeni ililipwa kwa uhai wa wengine.

Mrithi wake, ndugu yake Daud, alikuwa kinyume kabisa. Alimjibu mwombaji kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa, na wageni wakakaa miezi mingi wakisubiri, mpaka wakaacha kubisha mlangoni.

Msomaji atauliza kama tumwamini. Kitabu chake kilikamilishwa Fez mwaka 1355, miaka zaidi ya 20 baada ya safari, akimsimulia mwandishi Ibn Juzayy. Kinasema nyumba za Kilwa ni za miti, ilhali Husuni Kubwa, kasri ya mawe ya sultani yuleyule yenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, bado imesimama magofu juu ya jabali. Huenda alikumbuka mitaa ya watu wa kawaida, kwa sababu wengi wao waliishi kweli katika nyumba za miti na udongo. Kwenye majengo namsoma kwa tahadhari. Kwenye chakula na mapokezi namwamini zaidi, maana mtu hasahau upesi aliyempokea akiwa mgeni.

Shida ya msafiri haijaisha: Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara hapahapa Somanga, Lindi na Mtwara zilitengana na Dar es Salaam, abiria na malori wakakwama. Siku kama hizo ndipo mtu anapojua thamani ya kuwa na mwenyeji.

Leo kijana mwenye begi akishuka Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, wa kwanza kumfikia ni mpiga debe au mtu anayejiita mwongozaji, na hakuna wa kumuuliza bei ikizidi mara tatu. Kilwa ina urithi wa dunia uliotambuliwa na UNESCO tangu 1981. Inachokosa ni dhamana ile ya Mogadishu: mwenyeji mwenye jina, anayejulikana na serikali ya mtaa, ambaye mgeni akipunjwa yeye ndiye anaulizwa. Halmashauri na vikundi vya vijana wanaweza kulianzisha jambo hili bila kusubiri hoteli kubwa.

Nawe unayesoma, ukitaka kwenda, shuka Nangurukuru upande gari la Kilwa Masoko. Kibali cha kuvuka kinachukuliwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Tenga siku tatu: moja ya Kilwa Kisiwani, moja ya Songo Mnara ukifuata maji na upepo, moja ya Kilwa Kivinje. Na Somanga, nunua samaki wako ukiwa umekaa kwenye benchi.